Msimu Mmoja, Ripoti Nne

MASWALI YA WASOMAJI

Barua za safari hii zimetoka Dodoma na Singida, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kampuni tanzu ya kampuni ya kigeni ijigawe vipi kati ya kutumia ujuzi ilionao na kutafuta ujuzi mpya? Ili tusirudie maneno marefu, la kwanza tutaliita kuteka na la pili kuchimba. Mji unaokunywa maji ya visima vya Mzakwe utatuelewa.

*Ndugu mhariri, ninasimamia tawi la Dodoma la kampuni tanzu ya mbegu na pembejeo. Kampuni mama iko Ulaya. Tupo watu wanane. Makao makuu wametuletea mwongozo mnene wa kuuza mbegu chotara za alizeti, na wanataka ripoti ya mauzo kila robo mwaka. Mabwana shamba wangu wanasema mwongozo hauendani na mvua za huku, wanataka mashamba ya majaribio. Nikiwaruhusu mauzo yanashuka, nikiwakatalia wateja wanarudi na malalamiko. Nigawe vipi?*
— Meneja, Kizota

Ndugu meneja, hapa hakuna haja ya kutafuta nani mwerevu kati yenu na makao makuu. Mnatumia saa mbili zisizolingana. Ya kampuni mama inagonga mara nne kwa mwaka. Ya Dodoma inagonga mara moja: mvua inaanza Desemba, inakatika Aprili, basi. Jaribio lililopandwa Desemba litaonekana gharama tupu kwenye ripoti ya Machi, na jibu lake litapatikana Mei au Juni. Anayelipima kwa robo mwaka atalifuta vichwa vya alizeti vikiwa bado shambani.

James March, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alilieleza hili vizuri mwaka 1991. Faida ya kuteka iko karibu na inaonekana, faida ya kuchimba iko mbali na haina uhakika. Kwa hiyo shirika likiachwa lijiendee litaelemea kwenye kuteka, hata pasipo mtu kuamua hivyo. Kwenye kampuni tanzu uzito huo huongezeka, maana anayeidhinisha fedha hajawahi kukanyaga udongo unaozungumziwa.

Anza na mwongozo wenyewe. Kaa na mabwana shamba siku moja, upitieni ukurasa kwa ukurasa, kila agizo mlitie alama. Maagizo ya usalama, dawa za kuwekea mbegu, lebo, uhifadhi wa ghala na hesabu yatekwe kama yalivyo. Huko hakuna cha kuchimba, na anayejaribu anaweza kudhuru watu. Maagizo yanayotegemea mvua, udongo na mfuko wa mkulima ndiyo ya kuchunguzwa: tarehe ya kupanda, nafasi kati ya mimea, ukubwa wa pakiti, wakati wa kulipa. Matawi mengi yakifanya zoezi hili hugundua kwamba yanayobishaniwa kwa kweli ni maagizo machache sana. Chagueni mawili kwa msimu. Yakifika matano hamtapima hata moja sawasawa.

Halafu rudisha kalenda nyuma. Maswali mawili yaandikwe kabla Agosti haijaisha, yaingie kwenye bajeti ya mwaka unaofuata kabla haijafungwa. Mbegu na vifaa viwe ghalani Novemba. Kwa aina ya mbegu ambayo haijasajiliwa, zungumzeni na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu iliyoko Morogoro, kabla ya kuingiza hata kilo moja. Kwa ushauri wetu, mwaka wa kwanza msiguse aina mpya kabisa. Chunguzeni tarehe na nafasi kwa mbegu zilizokwisha kuruhusiwa.

Shambani, fanya hivi. Chagua vijiji vitatu vyenye udongo tofauti: kichanga, udongo mwekundu na mfinyanzi wa mbugani. Kila kijiji kiwe na vitu vinne vya kulinganisha, vitatu vipya na kimoja ambacho wakulima wanafanya sasa, na kila kimoja kirudiwe mara tatu. Hivyo ni vipande 12 kwa kijiji. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, kipande chenye mistari 6 ya mita 6 kinatosha. Wakati wa kuvuna, mistari miwili ya pembeni iacheni, maana inapata mwanga na unyevu kuliko mingine na itawadanganya. Vuna minne ya katikati, yaani mita za mraba 18. Kausha, pura, pima kwa mizani, kisha zidisha kwa 225 upate kilo kwa ekari. Kipande kilichotoa kilo 2 ni sawa na kilo 450 kwa ekari. Unapojaribu nafasi nyingine, pima upya eneo ulilovuna, kwani 225 ni ya mita 18 tu. Kila kijiji kiwe na kipimamvua, na mtu mmoja anayelipwa kukisoma saa tatu asubuhi kila siku. Bila kipimamvua, mwezi Juni hamtajua kama mlipima mbegu au mlipima wingu.

Makosa tunayoyaona hapa yanajirudia. La kwanza ni kupanda jaribio kwa mkulima bora mwenye shamba kando ya barabara ili wageni waone. Hapo mnapima uhodari wake. La pili ni kutia mbolea kwenye mbegu mpya na kuisahau ile ya kulinganishia. La tatu ni ndege: kipande kilichokomaa mapema kuliko vyote huliwa peke yake, halafu ripoti inasema kilizaa kidogo. Vichwa vya mistari ya kuvunwa vifungwe mifuko ya nyavu mbegu zinapoanza kujaa. La nne ndilo baya kuliko yote, nalo ni kutoandika mapema kiwango cha kuendelea au kuacha. Andika Novemba, msaini nyote: kikizidi kilimo cha sasa kwa asilimia 15 katika vijiji viwili kati ya vitatu, kinakwenda hatua ya pili, kisipofika, kinafungwa. Asilimia 15 ni pendekezo letu, ninyi mnaweza kuweka nyingine. Msichoweza ni kuiweka baada ya kuvuna.

Hatua ya pili ni wakulima 20, robo ekari kila mmoja, wakilima wenyewe kwa mikono yao. Ikipita hapo, ujuzi umeiva kutekwa, uingie kwenye mwongozo wa mauzo. Bwana shamba aliyeuchimba afuatane na watu wa mauzo msimu mmoja mzima. Ukikabidhiwa kwa karatasi peke yake, nusu yake inabaki kichwani mwake.

Kuhusu mgawanyo wa siku, wengi hunukuu kampuni ya 3M ya Marekani inayowaachia wataalamu wake asilimia 15 ya muda kwa mawazo yao. Kanuni hiyo iliwekwa kwa watu wa maabara. Tawi la watu wanane halina maabara, na asilimia 15 iliyotawanywa kwa watu wanane haizai kitu. Watenge wawili tu. Kati ya Desemba na Mei wapewe siku 6 kila mwezi za vijijini zisizoguswa na mtu, na miezi mingine siku 1 ya kupanga. Na hapa pana jambo linalosahaulika: kama wanalipwa bonasi kwa gunia lililouzwa, siku hizo 6 zinawakata mshahara. Bonasi yao isomwe kwa maswali yaliyojibiwa, hata jibu likiwa hapana. Afisa aliyethibitisha kwamba agizo fulani halifai Bahi amewaokoa na msimu mzima wa malalamiko.

Kwenye ripoti ya robo mwaka weka ukurasa wake wa pembeni: swali ni lipi, limefika hatua gani, fedha kiasi gani, jibu linatarajiwa tarehe gani. Usichanganye na mauzo. Mkurugenzi wa mbali akijua tarehe ya jibu huvumilia. Asipoijua, anakata.

*Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Tunafundishwa kwamba mradi wa karanga wa Kongwa ulishindwa kwa sababu ya udongo. Je, una uhusiano wowote na hii mada yenu ya kampuni tanzu?*
— Mwanafunzi, UDOM

Marahaba. Una uhusiano mkubwa, na tunasikitika kwamba unasimuliwa zaidi kama habari ya matrekta. Wazo la mwaka 1946 lilitoka kwa Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, ambao ulizunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki tisa na kurudi na mpango wa mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yakiwa Tanganyika. United Africa Company ndiyo iliyokabidhiwa kuanza kazi, mpaka shirika la serikali, Overseas Food Corporation, lilipoichukua mwaka 1948.

Tazama kilichorukwa. Hapakuwa na msimu hata mmoja wa kulima eneo dogo Kongwa, kuvuna, na kupima. Waliteka ujuzi wa kilimo cha mashine uliozoeleka kwingine kana kwamba tayari ulikuwa umethibitishwa hapa. Mwaka wa kwanza walikusudia kulima ekari 150,000, zikapandwa kama 7,500. Udongo wa Kongwa ukinyeshewa unalimika, jua likiupiga unakuwa kama saruji, na karanga ni zao la kung'olewa ardhini. Chembe ngumu za mchanga zilizomo zilisaga majembe ya mashine kwa kasi ambayo hakuna aliyeiwekea bajeti. Mvua nayo ikawa haba. Mradi ulifutwa Januari 1951, hasara ikiwa pauni milioni 36.

Wagogo wa hapo walikuwa wakilima uwele na mtama, mazao yanayovumilia ukame. Hiyo ilikuwa taarifa ya bure kuhusu mvua ya Kongwa, imeandikwa mashambani. Kusema udongo ndio ulioshindisha mradi ni kuulaumu udongo kwa kutoulizwa. Ekari 50 za majaribio kwa misimu miwili zingeonyesha ugumu wa ardhi na ukali wa mchanga wake kwa gharama isiyolingana hata kidogo na ile. Ukiandika tasnifu, chunguza kwa nini ratiba haikuruhusu misimu miwili. Jibu utalikuta London: mafuta yalihitajika haraka. Ni saa zilezile mbili tulizomweleza meneja wa Kizota.

*Ndugu wahariri, kampuni yetu ni tanzu ya kampuni ya kigeni inayouza pampu za sola kwa mkopo. Mpango wa makao makuu ni mteja kulipa kila mwezi. Tawi letu liligundua kwamba wakulima wa vitunguu wanalipa vizuri zaidi wakipangiwa marejesho baada ya kuvuna. Tulituma taarifa miezi saba iliyopita. Kimya. Tufanyeje wasikie?*
— Afisa mikopo, Singida

Kimya hicho mara nyingi si dharau. Ujuzi unaopanda kutoka tawini kwenda juu hukwama kwa sababu tatu: anayepokea hana msingi wa kuuelewa, anayetuma hajui hasa kwa nini njia yake inafanya kazi, au wawili hao hawana mazoea ya kuzungumza. Ya kwanza na ya tatu huwezi kuyamaliza peke yako. Ya pili iko mikononi mwako, na tunashuku ndiyo iliyowakwamisha.

Mmesema wanalipa vizuri zaidi. Je, ni kwa sababu ya tarehe ya mavuno, au kwa sababu wakulima wa vitunguu wanapata fedha nyingi kuliko wengine? Au ni kwa sababu afisa wenu aliwatembelea mara nyingi wakati wa kuwashawishi? Mpaka myatenganishe maswali hayo, mtu wa makao makuu hawezi kuupeleka mpango huo Zambia wala Senegali. Chukueni wateja wapya 40 wa vitunguu. Kwa kupiga kura, 20 walipe kila mwezi, 20 walipe baada ya mavuno, na afisa mmoja awahudumie wote kwa idadi sawa ya ziara. Baada ya mavuno hesabuni nani amechelewa zaidi ya siku 30. Wateja 40 hawatoshi kuthibitisha tofauti ndogo, lakini tofauti kubwa itaonekana, nanyi mtapewa ruhusa ya kujaribu kwa 200.

Kisha andikeni upya, kurasa mbili tu. Ya kwanza iseme kilichofanyika na tarakimu zake. Ya pili iseme masharti: njia hii inafanya kazi pale mkulima anapovuna kwa wakati unaojulikana, anapouza kwa fedha taslimu, na pale mteja ana zao moja kubwa. Andikeni pia pale isipofaa, kwa mfano kwa mfugaji au mwenye bustani ya mboga anayeuza kila wiki. Ripoti isiyo na mipaka haiaminiki.

Kwamba ujuzi wa pembezoni unaweza kupanda, mfano mkubwa uko mfukoni mwako. M-Pesa ilianza mwaka 2005 kama jaribio dogo nchini Kenya, la Safaricom ikishirikiana na Vodafone ya Uingereza iliyokuwa na hisa ndani yake. Lengo la awali lilikuwa marejesho ya mikopo midogo. Watu wa jaribio wakaanza kuitumia kutumiana fedha, na wasimamizi walikuwa na busara ya kulifuata hilo badala ya kuwarekebisha. Huduma ilizinduliwa Machi 2007.

Sasa angalia iliposafiri. Vodacom Tanzania iliizindua mwaka 2008, ikakua polepole kuliko Kenya. Nchi ni kubwa, watu wametawanyika, mtandao ule haukuwa umetawala soko kama Safaricom ilivyotawala kwao, na Mkenya alikuwa na kitambulisho cha taifa mfukoni wakati huku NIDA haijaanza kugawa vyake. Ilibidi kuchimba upya, hasa namna ya kuwapata na kuwasimamia mawakala, ndipo ikashika. Afrika Kusini, ambako Vodacom iliizindua mwaka 2010, benki zilikuwa zimeenea na masharti yake yalikuwa tofauti, na mwaka 2016 ikafungwa. Kitu ni kilekile, jina lilelile. Ndiyo maana tunasisitiza ule ukurasa wa pili wa masharti.

Neno moja la tahadhari. Takwimu za marejesho zikipelekwa nje, ondoeni majina, namba za simu na namba za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu taarifa za watu zinazotoka nje ya nchi. Makao makuu hayahitaji jina la mkulima kuelewa kwamba analipa baada ya mavuno.

*Kampuni mama inatutoza ada ya utaalamu kila mwaka. Wakaguzi wa kodi wanauliza tumepata nini. Nijibu nini?*
— Mhasibu, Dodoma

Jibu kwa vielelezo, na vitengenezwe mwaka unapoendelea, maana vikitengenezwa siku ya ukaguzi vinajulikana. Kwa kila ada ya ujuzi weka jalada lenye mkataba, tarehe ya mafunzo au mwongozo uliopokelewa, majina ya waliofundishwa, na kitu kimoja kilichobadilika kazini kwa sababu hiyo. Kanuni za mwaka 2018 za bei kati ya kampuni zenye uhusiano zinataka uonyeshe kwamba huduma ilitolewa kweli na kwamba bei yake ni kama ya watu wasiojuana. Usisahau kodi ya zuio, ambayo kwa mrabaha na ada za huduma kwa asiye mkazi ni asilimia 15, isipokuwa mkataba wa kodi kati ya nchi hizi mbili useme vingine.

Jalada hilo lina faida nyingine ambayo wahasibu hawaisemi. Ukipita mwaka na ukurasa wa kilichobadilika ukabaki mtupu, meneja wako ana hoja ya kuomba sehemu ya ada hiyo ibaki nchini, igharamie majaribio.

*Kila mwaka tunaletewa mtaalamu kutoka makao makuu kwa wiki mbili. Akiondoka tunabaki na picha na faili la slaidi. Tumtumieje?*
— Msimamizi wa mafunzo, Chamwino

Kwanza, mwezi anaokuja. Wengi huletwa Julai au Agosti kwa sababu huko kwao ni rahisi kusafiri. Huku shamba ni kavu, hakuna cha kuonyesha. Ombeni Februari, mimea ikiwa imesimama.

Pili, siku tatu za mwanzo asifundishe. Apelekwe vijiji viwili na muuza pembejeo mmoja, na kazi yake iwe kuuliza. Mtaalamu aliyeona kwanza hubadilisha nusu ya slaidi zake mwenyewe. Na mchagulieni mkalimani anayejua kilimo. Mkalimani wa mikutano akitafsiri neno la ugonjwa wa mmea vibaya, darasa zima limepotea.

Tatu, wawili wenu, si kumi, waambatane naye siku zote kumi za kazi. Siku ya nane wafanye kazi wao, yeye akiangalia akiwa amenyamaza: wachukue sampuli ya udongo, wajaze fomu, watoe ushauri kwa mkulima. Atakapowakatiza, andikeni pale alipokatiza. Orodha ya sehemu hizo ndiyo mafunzo yenu ya mwaka mzima. Siku ya kumi mpeni maswali matatu ambayo hakuweza kuyajibu akiwa hapa, na muwekeane tarehe ya simu kabla mvua hazijakatika, wakati bado mnaweza kwenda shambani kukagua atakachosema.